Mzungu Wangu wa Kisarawe

Kwa sehemu kubwa ya mwaka mmoja wa ujana wangu nilimwandikia Kiingereza mtu aliyekuwa anakaa Kisarawe. Si kwamba alikuwa hajui Kiswahili. Alizaliwa nacho, anagombana nacho, anaota nacho. Mimi pia. Lakini mimi niliamini yeye ni mzungu, naye aliamini mimi ni Mjapani, basi tukawa tunatesana, kila mtu na kamusi yake, yeye upande ule na mimi huku Mkuza, wakati mtu akinywa chai yake ya asubuhi bila haraka anaweza kufika kwa mwenzake kabla wali wa mchana haujaiva. Nimeanza na hili kwa sababu wanaonijua watalisema tu, afadhali nilitangulize mwenyewe. Kwa miaka mingi nilidhani ndilo kosa langu kubwa la mwaka ule.

Yote yalinirudia juzi, tulipomzika Mwalimu Yoeli. Mwanaidi, huyo mzungu wangu, alikuja kutoka Kisarawe, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka pembeni yangu bila kuniuliza kama kuna nafasi. Sasa ana miwani minene na magoti yanayolia akikaa. Aliniangalia, akasema, "Na wewe umezeeka, Mjapani." Nikajua tutaanza.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakunisumbua kuchagua chuo. Kuna watu wanaitwa na dunia. Mimi niliitwa na kochi. Duka moja la vifaa vya ofisi pale Maili Moja lilikuwa linanipa kazi za kuchapa: ripoti za wanafunzi, risala za harusi, mihtasari ya vikao vya wazazi. Nilichapia nyumbani, nikapeleka kwa flashi, nikarudi mbio kama niliyeacha maharage jikoni. Wenzangu walikuwa wanakwenda Dar kila alfajiri na kurudi na habari za mjini. Habari zangu mimi zilikuwa za ndani ya kompyuta. Nilikuwa nimejifunza kuandika programu kwa kusoma kitabu kilichosahaulika kwenye flashi ya mteja, na kwa ukaidi, maana hakuna mtu aliyenishauri nijifunze, wala aliyejua kama nimejifunza.

Chumba changu kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama jiko la Mama Zuhura. Jirani yetu huyo alipika vitumbua nje, chini ya mabati mawili, na toka pale alipokaa aliniona mimi mzima: meza, kompyuta yenye kitufe kimoja kilichong'oka, kikombe, kanga niliyotandika kwenye kiti ili kisinichome. Tuliongea kwa dirishani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla ya kugeuza vitumbua aliuliza, "Leo tena hutoki?" Nikimjibu nina kazi, alisema, "Kazi gani mtu anaifanya kakaa? Hata kuku akitaga anasimama." Sijui kuku anayetaga amesimama, lakini nilikuwa nakula vitumbua vyake vya mwanzo, vile vinavyoungua, kwa hiyo sikubishana.

Kutoka kwangu halisi kulikuwa kumoja: mazoezi ya kwaya ya usharika. Mwalimu Yoeli ndiye aliyetufundisha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mstaafu, mwembamba, mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingo hata jua likiwaka vipi. Nyimbo zetu nyingi alizitunga mwenyewe, sauti zote nne, kwa nota za solfa, yaani zile herufi za do, re, mi zinazopangwa mistari minne, kila sauti na mstari wake, na alama ndogo ndogo za kuonyesha urefu wa pigo. Aliandika popote: nyuma ya kalenda, nyuma ya karatasi za mitihani, kwenye mfuko wa saruji uliokatwa vizuri kwa wembe. Mwandiko wake alikuwa anausoma yeye peke yake. Wengine tulijifunza kwa kumsikiliza akituimbia, sauti moja baada ya nyingine, mpaka ya besi, aliyoiimba kidevu kikiwa kifuani.

Sasa macho yake yalikuwa yanaondoka. Presha ya macho, walimwambia hospitali, na kilichokwisha kuondoka hakitarudi. Alinieleza mwenyewe, barazani kwake, nilipompelekea chumvi aliyoagiza. "Sauti ya kwanza ninayo kichwani," alisema, "nyimbo zote. Besi naweza kuitafuta. Lakini ya pili na ya tatu, binti yangu, zile za katikati, nilizipanga nikiwa kijana, na ziko kwenye karatasi tu. Macho yakifungwa, na zenyewe zimefungwa." Akasukuma bahasha ya kaki kwenye meza. "Wewe si unachapa? Zichape. Kwa herufi kubwa, waziweze hata wazee."

Nikasema ndiyo upesi kama mtu anayejua anachokubali. Kompyuta yangu ilijua kuchapa risala za harusi. Nilitafuta kwenye mtandao, kifurushi kikaisha, nikanunua kingine, mpaka nikapata programu moja ndogo ya kupanga nota za solfa. Ilikuwa programu huria: ya bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani, kusoma msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, akiona kosa alirekebishe na kumpelekea mwenye programu, naye akiridhika analipokea liwe la wote. Niliipenda habari hiyo. Ilikuwa kama kuingia jiko la mtu na kuruhusiwa kuongeza chumvi.

Nikachapa nyimbo chache, Mwalimu akinisomea mwandiko wake, bahasha ikabaki kwake, na wa kwanza tukaupeleka mazoezini. Sauti ya kwanza safi, ya pili safi. Walipoingia wanaume wa besi, wakaimba walichokiona kwenye karatasi, wakaruka juu kama wamekanyaga makaa. Kina mama wakacheka mpaka wakakaa. Mzee mmoja wa besi alishikilia karatasi yake akilalamika, "Mimi naimba kilichoandikwa! Kilichoandikwa ni hiki!" Na ni kweli, ndicho kilichoandikwa. Kwenye solfa, noti ya chini ina alama ndogo miguuni, na robo ya pigo nayo ina alama inayofanana na hiyo. Mtu anazitofautisha kwa kuangalia zilipokaa. Programu haikuangalia; zikikutana mahali pamoja, iliifuta ile ya chini, na besi maskini akapandishwa ghorofani.

Nilifungua msimbo, nikakaa nao kwa siku nyingi, Mama Zuhura akinitazama kwa dirishani kama anayetazama mgonjwa. Nikapata palipokosewa. Nikarekebisha, besi akarudi chini. Sijawahi kujisikia hivyo tena maishani, hata siku ya harusi yangu, maana siku ya harusi viatu vilinibana. Lakini wimbo ukiwa na ubeti zaidi ya mmoja, rekebisho langu lilisukuma maneno ya ubeti wa pili pembeni, yakakaa chini ya noti za watu wengine. Hapo nikakwama. Nikamwandikia mwenye programu.

Mwenye programu alijiita MKD, basi. Nikamalizia mwenyewe: Maiko. Mzungu, bila shaka. Kompyuta yote ni ya wazungu. Na Kiingereza nilichokuwa nacho mimi kilikuwa cha barua ya kuomba kazi, ndicho pekee kilichonikaa shuleni. Kwa hiyo kila nilipotaka kumwambia Maiko kwamba mstari fulani unasukuma maneno, nilianza kwa kumtakia afya njema, nikajieleza kuwa ni kijana mwaminifu na mchapakazi, na nikamaliza kwa kumwahidi utiifu wangu. Barua kama hiyo ilinichukua siku kadhaa. Jibu lake lilichukua nyingi zaidi, likaja fupi, kavu, lina swali moja: je, nimejaribu kwa wimbo wenye beti nyingi? Nilidhani amekasirika. Nikaandika barua nyingine ya kuomba radhi. Akajibu kwamba hakuna tatizo. Nikaomba radhi kwa kumsumbua na radhi ya kwanza.

Leo nikiyatazama majibu yake naona aibu kwa jinsi yalivyokuwa wazi. Aliwahi kuchelewa kujibu kwa sababu mvua iliangusha nguzo na umeme haukurudi. Nikasikitika, kumbe na Ulaya. Aliwahi kusema ana mitihani ya kusahihisha na chaki imemharibu kifua. Ndani ya msimbo wenyewe kulikuwa na kitu amekiita "robo", na mimi, niliyekuwa nahangaika na robo za pigo mchana kutwa, niliamua ni roboti. Siku moja aliandika kwamba hakuwepo, alikuwa kwenye msiba wa wakwe zake, amelala huko mpaka matanga yalipoanuliwa. Nikamtafsiria Mama Zuhura, maana kila siku aliuliza, "Mzungu wako kasemaje?"

Aliacha mwiko ndani ya bakuli. "Kalala matangani?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Mzungu gani analala matangani? Huyo mtu wa huku huku. Muulize kwao wapi."

"Mama Zuhura, hii ni kompyuta."

"Kwani ndani ya kompyuta hakuna watu?"

Nilicheka, nikafunga dirisha kwa sababu ya moshi, nikarudi kwenye kamusi yangu.

Wakati huo wote bahasha ya kaki ilikuwa barazani kwa Mwalimu Yoeli. Alikuwa akituma salamu: je, tayari? Nilipita kwake baada ya ibada za Jumapili, akinipa chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha uliopasuka vizuri, na mimi nilimweleza kuhusu Maiko, jinsi anavyojali, jinsi kazi hizi zinavyotaka utaratibu. "Tusubiri programu ikae sawa kwanza, Mwalimu," nilimwambia. "Nikichapa sasa nitachapa mara mbili." Uvivu wangu nimekuwa nikiuita utaratibu tangu zamani. Alikubali kwa kichwa. Mwenye ufundi ni wewe, alisema. Kisha alichukua karatasi moja kutoka kwenye bahasha, akaigeuza kwenye mwanga wa jua, akaisogeza karibu na pua, akaanza kuimba sauti ya tatu ya wimbo wake wa mvua, pole pole, kidole kikitembea chini ya mstari. Huo ndio aliupenda kuliko nyimbo zote. Tulikuwa tukiuimba kila sikukuu ya mavuno, lakini ile sauti ya tatu ilikuwa na sehemu ambayo waimbaji wake walikuwa wakiikwepa, wakijibanza kwenye sauti ya kwanza, na alitaka safari hii waione kwa macho, wasiwe na pa kujificha. Niliusikiliza wote, nikitafuna muhogo. Nikamsifia. Nikaaga.

Siku niliyoogopa ilikuwa ya kawaida tu. Nilimkuta anamimina chai, na chai ikawa inaingia mezani, pembeni kabisa ya kikombe, naye anaendelea kumimina, anazungumza habari za mvua. Mke wake alimshika mkono. Nilirudi nyumbani natembea haraka. Nikafungua kompyuta kumwandikia Maiko kwamba muda umetuishia, na nikakosa Kiingereza chake. Barua ya kuomba kazi haina mahali pa kuweka mzee anayemwaga chai. Nikaandika ilivyokuja: "Jamani Maiko, nisaidie, mzee wangu macho yanaisha." Nikatuma kabla sijajizuia.

Jibu lilikuja kabla uji wangu haujapoa. "Weee! Wewe nani? Uko wapi?"

Nikamwambia Mkuza, Kibaha. Akaandika: "Mimi Kisarawe. Naitwa Mwanaidi, mwalimu wa hisabati. Astaghfirullah, dada, nilidhani wewe ni Mjapani."

Safari ya Kisarawe sitaisimulia, maana nilienda nimefumba macho, nikijilaumu kwa kutoka nyumbani. Ninachokumbuka ni chumba. Kitanda, chandarua kimefungwa fundo juu, na kompyuta imewekwa juu ya rundo la madaftari ya wanafunzi ili ifikie urefu wa macho. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa milimani unaingia na harufu ya mikorosho. Mwanaidi alikuwa amenizidi umri kidogo, mrefu, mcheshi, hana ukavu hata kidogo. Alikuwa ameiandika programu ile kwa ajili ya kwaya ya shule aliyosimamia, akaiweka mtandaoni kwa sababu rafiki yake mmoja alimwambia ndivyo wanavyofanya. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza kumwandikia. "Barua yako ya kwanza niliisoma mbele ya walimu wote," alisema. "Tukaulizana, ni taifa gani hili lenye adabu hivi? Mtu anatoa taarifa ya kosa na anaahidi utiifu! Na jina lako, Tusa. Tukasema, Mjapani. Mimi nikawa naogopa kukujibu, kila sentensi nampa mwalimu wa Kiingereza aikague, na yeye mwenyewe ana vipindi vingi." Ndiyo maana majibu yake yalikuja mafupi. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa anakata kila kitu.

Kutoka chumba cha pili nilisikia sauti ya mama yake ikiuliza, kwa kunong'ona kwa namna ya watu wasiojua kunong'ona, "Ndiye huyo Mjapani? Mbona kama mtu wa Mbeya?"

Tulikula kisamvu cha nazi na wali, bakuli moja kubwa, kompyuta ikiwa pembeni. Nilimwonyesha rekebisho langu. Alilitazama huku akinyonya vidole. "Hapa unahesabu alama kama noti," alisema. "Ubeti wa kwanza hausemi, ila wa pili unaona kuna noti ya ziada, unaisogelea. Toa hii." Nikaitoa. Maneno yote yakarudi nyumbani kwao, beti zote, besi yuko chini anapostahili. Wali ulikuwa bado wa moto. Alilipokea rekebisho langu pale pale, mbele yangu, na jina langu likaandikwa ndani ya programu chini ya lake. Tulicheka mpaka mama yake akaja kusimama mlangoni kuona kilichotupata.

Nilirudi Mkuza na nyimbo zile chache nilizokuwa nimezichapa zamani, sasa zimekaa sawa, kwa herufi kubwa kama za mabango. Nilimpelekea Mwalimu Yoeli siku iliyofuata. Alizipokea kwa mikono miwili. Akapapasa ukingo wa karatasi, akaigeuza kwenye jua, akaisogeza puani kama kawaida yake. Akakaa hivyo. Kisha akanirudishia.

"Nisomee," alisema.

Tulifanya tulichoweza. Mwanaidi akawa anakuja Jumamosi, tunakaa barazani watu watatu, yeye na bahasha akijaribu kuusoma ule mwandiko, Mwalimu akiimba sauti ya kwanza, mimi nikichapa. Nyimbo nyingine zilisomeka nusu, nyingine mwanamke yule wa hisabati alizikisia vizuri, Mwalimu akisikia anatikisa kichwa: ndiyo, hapana, ndiyo. Ule wa mvua Mwalimu alikuwa ameuandika kwa penseli, na penseli ilikuwa imesuguana na bahasha kwa muda mrefu. Sauti za katikati hazikupatikana. Hakutulaumu. Sikukuu ya mavuno tuliuimba kwa sauti moja, akasema nao ni uimbaji.

Programu bado ipo. Watumiaji wake nadhani tunatosha mkeka mmoja. Mwanaidi na mimi tunaitunza mpaka leo, kwa Kiswahili, na tunagombana ndani yake kama watu wa tumbo moja. Juzi kanisani kwaya ilimuaga Mwalimu Yoeli kwa nyimbo zake, kwa karatasi tulizozichapa, sauti nne, besi wameshuka mpaka sakafu ikasikia. Kisha wakaimba wa mvua, wote pamoja, sauti moja. Ukapita kanisani mwembamba, ukaisha.

Baadaye tulikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kazi za jikoni. Mwanaidi na mimi tulichambua mchele kwenye ungo mmoja, Mama Zuhura, mzee sasa lakini mkono bado mwepesi, alikatakata vitunguu kwenye beseni. Mwanaidi alisema, kwa sauti ndogo, "Ungeniandikia Kiswahili tangu mwanzo, ule wa mvua ungekuwepo wote." Nikamjibu, "Na wewe ungejibu Kiswahili." Ni mabishano yetu ya zamani; tunayashika kama watu wanavyoshika mkono. Kina mama wapya wakauliza ni kisa gani, tukawasimulia chote, Maiko, Mjapani, besi walioruka, muhogo wa barazani, mwalimu wa Kiingereza, kisamvu. Walicheka kwa adabu ya msibani, vinywa wameziba kwa kanga. Mama Zuhura hakucheka. Aliendelea na vitunguu mpaka kicheko kikaisha, akafuta macho kwa kiwiko, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia kwa dirishani.

"Mzee kakaa barazani miezi yote hiyo na makaratasi yake mapajani, macho bado anayo, anakuimbia na wewe unatafuna muhogo," alisema. "Hamkuwa na kalamu?"